Risiti ya ukurasa wa 41

Risiti niliyokuwa nimeiweka kwenye ukurasa wa 41 imefutika. Ni zile za EFD, mashine ya risiti za kodi, karatasi laini inayoteleza vidoleni. Hazina wino. Mashine inaichoma karatasi kwa joto, palipochomwa panakuwa peusi, na miaka ikipita weusi unaondoka wenyewe. Kazi yangu ni karatasi, haya nayajua. Hata hivyo niliisogeza dirishani nikaigeuzageuza kutafuta tarehe, maana nilitaka kujua ni lini hasa niliacha kusoma kitabu hiki. Nikaona kivuli cha neno JUMLA, basi.

Ikabidi nikisie kwa njia nyingine. Nakumbuka nilikuwa nimelala ubavu, mto katikati ya magoti, tumbo kubwa, na mtoto aliyekuwa tumboni sasa yuko darasa la pili. Kwa hiyo ni miaka minane hivi. Miaka minane kitabu kimekaa kabatini kikiwa kimeng'ata kipande cha karatasi nyeupe.

Kitabu chenyewe ni cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Jina refu, na kitabu nacho kinene. Kilikuwa cha marehemu baba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na enzi zile mwalimu alipangiwa kokote nchini. Yeye mtu wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akapelekwa Ukerewe, katikati ya Ziwa Victoria, akakaa huko miaka sita. Alirudi na mazoea ya kula samaki mkavu, ambayo mama hakuyapenda hata siku moja, na alirudi na hiki kitabu.

Kila kitabu alichosoma baba alikiandika nyuma kwa penseli, kwenye ule ukurasa mtupu wa mwisho: Nimemaliza, halafu tarehe. Hiki kimeandikwa Nimemaliza 14/8/83. Ni mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama zinasubiri kukaguliwa.

Neno hilo limenikaa moyoni tangu alipofariki mwaka 2013 na vitabu vyake vikaja kwangu. Kaka zangu walichukua vitu vingine. Mimi nilisema nataka vitabu, na nilisema kwa sauti mbele ya ukoo, kwamba nitavisoma vyote. Vilikuwa thelathini na kitu. Nilivipanga kabatini, nikanunua na vyangu, na kwa miaka kumi na zaidi nimekuwa mtu mwenye vitabu. Wageni wakija wanasema, "Mama Elisha, kumbe wewe ni msomaji." Nilikuwa nanyamaza. Ninaumia kuandika hivi, lakini katika miaka yote hiyo, vitabu nilivyovisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho havizidi vinne.

Naishi Moshi, Pasua, na nina duka la steshenari mjini, mtaa wa nyuma ya stendi. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, nalamineti vyeti, nauza daftari na kalamu. Kipindi cha utafiti wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika wanajaa dukani na kazi zao, nami nawabaindia. Natoboa karatasi kumi na tano kumi na tano, naweka plastiki mbele na manila nyuma, nafungua meno ya spairo kwenye mashine, nayapitisha kwenye matundu, naachia. Halafu lazima nifungue kurasa za mwanzo nihakikishe hazijapinduka. Hapo ndipo nasoma. Nasoma jina, nasoma tamko kwamba kazi ni yake mwenyewe, nasoma shukrani. Shukrani nazipenda kuliko kitu chochote. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza lakini mama ni mama kwa lugha yoyote, na kuna kijana mmoja alimshukuru mama yake kwa kuuza ng'ombe wawili, akawataja majina wale ng'ombe. Nasoma mpaka ukurasa wa kwanza wa sura ya kwanza, mteja analipa, anaondoka.

Kwa hiyo kazi yangu imenifanya kuwa mtu wa mianzo. Najua namna tasnifu mia mbili zinavyoanza. Hakuna hata moja ninayojua imeishia wapi. Wakati mwingine usiku nawaza kuhusu wale wakulima wa kahawa ambao mwanafunzi alikwenda kuwauliza maswali: walijibu nini?

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba tatizo ni muda. Na muda kweli ni mdogo, sitaki mtu anidanganye kwamba sivyo. Nafungua duka saa mbili, nafunga saa moja jioni, nikifika nyumbani kuna chakula, kuna kazi za shule za watoto, kuna sare za kufua, kuna simu. Kwenye simu kuna kikoba, kuna kundi la wazazi wa darasa la pili, kuna la ukoo, kuna la jumuiya. Mtu akifariki Kibosho, makundi matatu yananiarifu kwa pamoja. Lakini nilipohesabu kwa ukweli, dakika ishirini kwa siku zilikuwepo. Kitabu cha kurasa mia tatu, ukisoma kumi kila siku, ni mwezi mmoja. Mwezi mmoja! Nimekuwa na miezi zaidi ya mia tangu mazishi ya baba.

Nilijaribu. Niliweka alamu saa kumi na moja alfajiri, nikaamka siku nne. Nilifungia simu kwenye droo ya vijiko. Nilikwenda maktaba ya mkoa nikaazima badala ya kununua, nikitumaini kwamba tarehe ya kurudisha itanisukuma, nikarudisha kwa tarehe, sijafika nusu. Nilipakua vitabu kwenye simu, vile vinavyozungushwa kwenye makundi, nikajaza faili baada ya faili, halafu nikavifuta vyote kwa sababu dukani kwangu mtu akileta riwaya nzima nimtolee kopi huwa nakataa. Mwandishi ametoka jasho, na kopi moja inazaa kumi. Sasa itakuwaje nikatae kaunta halafu nifanye lilelile mfukoni?

Nikaja na wazo kwamba labda vitabu vinene vinanitisha, nianze na vyembamba. Nikachukua Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990. Unene wake haufiki kidole. Nikasema hiki ni cha Jumamosi moja. Jamani. Kile kitabu hakisomwi kwa kukimbia. Unaingia kwenye sentensi, unatoka, unajikuta huna hakika kama aliyekuwa anazungumza ni mtu au kivuli. Nilisoma sura ya kwanza mara tatu. Kila mara niliona kuna kitu kikubwa mle ndani, na kila mara nilikifunga. Na kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba Kezilahabi naye ni mtu wa Ukerewe. Kisiwa kimoja kimetoa waandishi wawili, mmoja na kitabu kinene na mwingine na kijitabu, na wote wawili wameniacha mlangoni.

Hapo ndipo nilianza kujiuliza nilifundishwa kusoma namna gani.

Shule ya sekondari niliyosoma, sitaitaja, ilikuwa na riwaya tatu za mtihani na nakala tano tu za kila riwaya. Darasa letu lilikuwa na wasichana hamsini na wawili. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema na alifanya alichoweza: alituandikia uhakiki ubaoni. Fani na maudhui. Dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, migogoro, wahusika na sifa zao, mandhari, muundo, mtindo. Tulinakili. Dada waliotutangulia walituachia madaftari yao na sisi tukayarithisha. Niliweza kukueleza migogoro minne ya riwaya ambayo macho yangu hayajawahi kuiona. Kwenye mtihani wa kidato cha nne nilipata B ya Kiswahili, nyumbani wakafurahi, baba akanipa kalamu ya wino. Nilikuwa sijasoma hata riwaya moja kati ya zile tatu mpaka mwisho.

Nilizoea kukivua kitabu nguo kabla sijakisalimia. Hata sasa nikifungua riwaya, kuna sauti inayouliza: dhamira ni ipi? Huyu ni mhusika bapa au duara? Nikifika ukurasa wa thelathini nikaona nimeshajua dhamira, sauti inasema basi, imetosha, funga. Hakuna mtihani mbele. Na kama sijajua dhamira, sauti inasema umefeli. Njia zote mbili zinaishia kwenye risiti iliyobanwa katikati ya kurasa.

Naamini tuko wengi wa namna hii. Wasichana wale hamsini na wawili wako mahali fulani, wengine ni walimu sasa, na nikiwauliza kuhusu vitabu wananipa dhamira.

Mwaka jana mwezi wa sita mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho pale hospitali ya KCMC, jicho la kushoto. Ulikwenda vizuri, ila aliambiwa asiiname, asibebe mizigo, akae mbali na moshi na vumbi. Mweleze hivyo mwanamke wa Kibosho mwenye migomba, kuku na jiko la mafiga matatu. Alikaa barazani akiwa na miwani myeusi, amejifunika blanketi kwa baridi, maana mwezi wa sita na wa saba huku juu ukungu unashuka mpaka kwenye ngazi za nyumba na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hamkioni wiki nzima. Siku ya tatu aliniambia kwenye simu, "Njoo unisomee kitu. Redio imenichosha."

Jumapili nikapanda hiace baada ya misa. Nilimsomea Zaburi, akasikiliza, akashukuru. Halafu akasema, "Na kile cha baba yako, cha Wakerewe, unacho?"

Nikamwambia ninacho.

"Kiliwahi kumfanya asije kulala. Alikuwa anakaa na kandili mpaka usiku wa manane, anacheka peke yake. Mimi nilikuwa namuuliza nini, anasema nitakusimulia. Hakuwahi kunisimulia."

Jumapili iliyofuata nilikileta. Nilipokifungua risiti ikaanguka, ndio ile niliyoisogeza dirishani. Nilitaka kuanzia ukurasa wa 41, nimpe mama muhtasari wa yaliyotangulia. Nikafungua mdomo kueleza, nikakuta sina kitu. Najua kuna mume na mke. Najua hawajapata mtoto. Zaidi ya hapo, kurasa arobaini nilizozisoma mwenyewe kwa macho yangu hazikuwemo. Nikarudi ukurasa wa kwanza.

Nieleze kidogo kwa wasiokijua. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana lakini hawajajaliwa mtoto, na maneno ya ndugu wa mume yanakuwa makali mpaka wazazi wa Bugonoka wanakwenda kumchukua binti yao. Mume anataka mke wake. Wanaume wengine wangeoa mwingine; yeye anafunga safari kwa wakwe kumwomba. Na wakwe wanamdai pombe ya ndizi, mitungi ya kutosha, ndipo wamrudishie.

Kitereza haruki kitu. Mtu akifika nyumbani kwa mtu, utasikia alivyosalimia, alivyojibiwa, aliketishwa wapi, alipewa nini, alisema nini alipoaga na alisindikizwa mpaka wapi. Niliposoma kwa macho miaka ile, nilikuwa naziona salamu zile kama vichaka vya kupita haraka ili nifike kwenye hadithi. Sasa nikizisoma kwa sauti, mbele ya mama ambaye naye akipokea mgeni huchukua robo saa kumaliza salamu, nikaona salamu ndizo hadithi. Mama alikuwa anaitikia. Nasema kweli, mhusika akisalimia kitabuni, mama anaitikia kwa kichwa.

Nilisoma kurasa sita siku ile nikafikiri nimefanya vibaya, nimechelewa. Nikaongeza kasi. Mama akaniwekea mkono kwenye goti.

"Unakimbilia wapi?"

Nikamwambia kitabu ni kirefu, tukienda hivi hatutamaliza.

"Nani amesema tumalize? Rudi pale mama mkwe anapoingia."

Nilirudi pale mama mkwe anapoingia. Lakini swali lake sikuliacha pale barazani, nililibeba kwenye hiace mpaka mjini. Nilikuwa nakimbilia lile neno la penseli. Miaka yote niliyofungua vitabu vya baba, sikuwa nafungua ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nafungua ule mtupu wa mwisho, nikitafuta mahali pa kuandika chini ya mwandiko wake Nimemaliza, na tarehe yangu. Nilitaka kuwa nimesoma. Kusoma kwenyewe nilikuona kama barabara yenye mashimo kati yangu na hilo neno.

Tukaanza hivyo, kila Jumapili ambayo hakuna msiba wala harusi. Kabla sijafungua, mama anauliza, "Tulimwacha wapi?" Na si swali la kujibu kwa neno moja. Anataka nimweleze alikuwa ameketi wapi, ana nini mkononi. Nikikosea ananisahihisha. Ana miaka sabini na minne na hajawahi kuandika uhakiki.

Kwenye pombe tulikaa Jumapili nne. Mimi nilidhani ni sehemu ambayo angechoka. Nilisahau kwamba mshahara wa mwalimu haukutosha, na ada zetu sote zililipwa na mbege ya mama. Aliipika miaka ishirini, watu walikuja na vibuyu vyao kutoka vijiji vya jirani. Nikasoma kuhusu ndizi za Myombekere, majirani wanaokuja kumsaidia, na mama akaanza kunikatisha kila aya. Walizivundika au ziliivia mgombani? Walichemsha? Rudia hapo. Si kama sisi. Sisi ndizi mbivu zinachemshwa mpaka rangi inakuwa nyekundu ya matofali, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, halafu kuna ulezi: unauotesha, unauanika, unausaga, unaupika uji, unauchanganya. Na magome ya msesewe kwa ule uchungu, kidogo tu, ukizidisha umeharibu pipa zima. Aliinua mkono kunionyesha uji unavyotakiwa kushuka kwenye mwiko, unashuka kama kamba, haukatiki, na vidole vyake vilishuka taratibu hewani mpaka vikagusa blanketi. Nimekulia ndani ya nyumba hiyo. Nimeuza mbege hiyo nikiwa na miaka kumi. Sikuwahi kuambiwa habari ya kamba.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Kitabu hiki alikiandika kwa Kikerewe na alikikamilisha mwaka 1945, lakini hakikupata mchapishaji. Baadaye akakaa chini akakitafsiri chote kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, na ndipo kikachapishwa mwaka 1980 na Tanzania Publishing House. Mwaka 1981 akafariki. Hebu fikiri miaka thelathini na mitano ya karatasi kusubiri. Mteja wangu akiacha kazi yake dukani wiki mbili nampigia simu, kwa sababu najua unyevu unavyofanya, najua panya, najua karatasi inavyonyonya hewa na kupinda pembe. Kumlipa mtu huyo kwa kuruka salamu zake, kwa kweli ninaona vibaya.

Sisemi kwamba kila kitabu kinastahili hivi. Baada ya miezi mitatu na mama nilifungua kabati nikavitoa vyote sakafuni, nikavipitia kimoja kimoja. Vile vya kunifundisha kuwa tajiri, ambavyo nilivinunua mimi mwenyewe kwa hofu kipindi biashara ilipoyumba, nilivitoa, vinane. Sikuvimaliza na sitavimaliza, na hapo moyo wangu umetulia. Kimoja cha baba kuhusu ufugaji wa nyuki nimempa jirani mwenye mizinga, naye ameshakisoma na amekuja kunieleza. Nagona imebaki. Nimeitoa kabatini nikaiweka dukani, chini ya kaunta, na nikiwa na dakika nasoma aya moja kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali. Bado sielewi sana. Ila sasa kuna sentensi zake ninazozijua kwa kichwa, na hilo halijawahi kunitokea na kitabu chochote cha mtihani.

Kuna kimoja ninachokiogopa bado. Ni Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Tafsiri ilitoka mwaka uliofuata, kazi ya Ida Hadjivayanis, na niliinunua nikiwa Dar es Salaam kwa furaha ya kuona hatimaye imefika kwa lugha yetu. Najua ni habari ya mvulana anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake. Elisha wangu ana miaka kumi na miwili. Nikikifungua namwona yeye. Kwa hiyo si kila kitabu kisichoanzwa kimekosa muda. Kingine mtu anakizunguka mpaka awe tayari, na sioni ubaya. Kipo kwenye rafu ya juu, naona mgongo wake kila siku.

Sasa niseme lililotokea mwezi uliopita.

Jumatano umeme ulikatika mjini tangu saa tatu asubuhi. Steshenari bila umeme ni chumba chenye mashine zilizokufa. Nilikuwa nimebeba kitabu cha Kitereza kwenye mkoba kwa sababu gamba lake lilikuwa limeanza kuachia na nilitaka kulibandika. Nikaligundisha, nikalikandamiza kwa rimu mbili za karatasi likauke. Baada ya saa nzima nikaziondoa rimu nikafungua kuangalia kama gundi imeshika. Nikafungulia pale tulipoachia Jumapili.

Niliposimama shingo ilikuwa inauma. Kulikuwa na dada amesimama kaunta, sijui kwa muda gani, anataka picha za pasipoti, nikamwambia umeme hakuna, akasema, "Umeme umerudi, mama, mbona taa inawaka?" Taa ilikuwa inawaka. Nilikuwa nimesoma kurasa ishirini na sita.

Sikuwahi kufanya hivyo tangu nikiwa binti mdogo. Nilishindwa kungoja. Nilitaka kujua kama watamrudishia mkewe, nilitaka kujua kwa tumbo, jinsi mtu anavyotaka kujua habari za mgonjwa. Dada yule nilimpiga picha zake nikamrudishia hela yote kwa makosa, ya chenji na ya kazi, na alikuwa mwaminifu akanirudishia.

Jumapili nikapanda Kibosho. Nilikuwa nimeamua nisimwambie mama, nisome kurasa zilezile upya kana kwamba sizijui. Baridi ilikuwa imepungua, alikuwa amehamia upande wa jua, miwani myeusi hana tena. Akauliza tulimwacha wapi, nikamweleza, akakubali. Nikaanza kusoma. Nilisoma kama kurasa mbili.

"Hapo umeshapita," akasema.

Nikainua macho.

"Sauti yako haijakwaa hata mara moja. Majina yale ya Kikerewe kila siku yanakukwaza, leo unayatamka kama ya shangazi zako. Na pale nilipotaka kukuuliza, umepunguza mwendo kabla sijauliza." Alikuwa ananitazama kwa lile jicho lililopona. "Ulifika wapi?"

Nikamwonyesha. Akachukua kitabu, akapima kwa kidole gumba unene wa kurasa nilizozisoma peke yangu, akatikisa kichwa taratibu, akanirudishia kimefungwa.

"Basi usisome. Nisimulie mpaka hapo."

Nikasema, mama, ni kurasa ishirini na sita.

"Jua bado liko juu."

Nikaingiza kidole pale nilipoishia, nikakilaza kitabu mapajani, nikaanza na yule aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuwa ameshika nini, na alisalimia vipi.